Shangazi, marejesho yananimaliza na kaka anasema sina nidhamu ya fedha

Shangazi, shikamoo.

Leo nimefunga genge mapema kwa sababu kijana wa marejesho hupita saa kumi jioni, na hesabu yake sina. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala hapa Dar es Salaam. Nauza nyanya, vitunguu, mchicha, dagaa na mkaa wa kopo. Siku nzuri napata faida ya 15,000, siku mbaya 7,000, na humo humo ndimo tunamokula. Mume wangu ni saidia fundi. Siku ya kazi analeta chochote, siku ambayo hakuna kazi anarudi mikono mitupu, na masika yakianza ujenzi unasimama kabisa.

Yote yalianzia kwenye kodi. Chumba na sebule tunalipa 60,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000. Nilikuwa nimedunduliza 90,000. Mwenzangu wa sokoni akanipeleka ofisi moja ya mikopo, hii tunayoiita kausha damu. Mkopo unaitwa wa 300,000 ila mkononi unapewa 270,000, zile 30,000 wanakata za fomu. Unarejesha 13,000 kila siku kwa siku thelathini, Jumapili nayo wanaihesabu. Walikuja nyumbani wakapiga picha televisheni, friji dogo na kitanda, wakasema ndiyo dhamana.

Ule wa kwanza niliumaliza, lakini nilipoumaliza genge lilikuwa tupu, maana marejesho nilikuwa nayatoa kwenye mtaji. Nikachukua tena kiasi kile kile nijaze genge. Mtoto wa mwisho akapata nimonia akalazwa, genge likafungwa wiki nzima. Nikaumaliza huo wa pili kwa kuazima huku na kule, nikachukua wa tatu ili nilipe nilikoazima. Huo wa tatu nimeshatoa siku kumi na sita, zimebaki kumi na nne, sawa na 182,000.

Katikati hapo tulijiunga wanawake watano tukakopa kwa kudhaminiana, kila mmoja 400,000. Narejesha 50,000 kila wiki kwa wiki kumi, nimebakiza wiki sita. Na kwenye simu nilichukua 60,000, nikachelewa, sasa wanasema imefika 84,000. Wameshamtumia ujumbe mama mkwe wangu na mwalimu wa mwanangu kwamba mimi ni tapeli nakimbia madeni. Mume wangu anajua ule mkopo wa kwanza tu.

Kaka yangu, tumbo moja, ni mtumishi wa serikali Dodoma. Amejenga kwa mkopo wa benki. Nilimpigia nikamwomba 200,000. Alinitumia 30,000 na ujumbe mrefu wa sauti, kwamba shida yetu watu wa uswahilini si hela, ni nidhamu ya fedha, tunakula mtaji, tunakopa bila mpango, na dawa ya deni ni kulipa. Shangazi, nililia. Tangu siku hiyo najiuliza kama ni kweli.

Sasa kuna mama hapa mtaani yuko tayari kunipa 500,000 nifute madeni yote nibaki na moja lake. Anataka kitambulisho changu cha NIDA akae nacho. Na kwa kuwa vyombo vyangu vimeshawekwa dhamana kwingine, anasema binti yangu mkubwa aende kufanya kazi za ndani kwa ndugu yake Mbezi Beach. Mshahara ni 70,000, utakuwa unakwenda kwake moja kwa moja mpaka deni liishe. Binti ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Amesikia mazungumzo, akaniambia, "Mama, niache niende, shule nitarudi mwakani."

Nichukue huo mkopo? Nimruhusu binti? Na kaka yangu, ana haki ya kusema vile?

Mama wa genge, Mbagala
(Jina tumelihifadhi.)

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Binti haendi. Nimeanza na hili kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho, na hili haliwezi. Mtoto anayepelekwa kufanya kazi nyumbani kwa mtu, mshahara wake ukachukuliwa na anayekudai wewe, amewekwa rehani. Usikubali wakuite jina lingine zuri. Hakuna mahali ulipoandika kwamba atakuwa ameachiwa lini, na mtu anayeshika mshahara, kitambulisho chako na mtoto kwa pamoja ndiye atakayesema deni limeisha au halijaisha. Katiba yetu inakataza kazi ya kulazimishwa, na tangu mwaka 2008 tuna sheria dhidi ya biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu ambayo watu wengi wanadhani inahusu wanaovushwa mipaka tu. Mabinti wengi wanaotumikishwa hapa nchini hawajawahi kuona mpaka. Wametolewa kijijini au uswahilini na mtu anayefahamika, kwa maneno ya upole kama hayo.

Tena angalia hesabu yenyewe. Kwa 70,000 kwa mwezi, deni la 500,000 bila hata senti ya riba linahitaji miezi zaidi ya saba. Ukiweka riba ya mtaani, mwaka unaisha. Mtihani wa kidato cha pili utampita, na msichana aliyekaa nje ya shule mwaka mzima akifanya kazi za ndani harudi kirahisi, hata kama leo anasema atarudi. Mwite leo usiku umwambie kwa mdomo wako kwamba haendi, na kwamba madeni ni ya watu wazima. Watoto wakiona mama analia huanza kujihesabu kuwa wao ndio mzigo.

Mkopo wa huyo mama pia usichukue. Na kitambulisho chako usimpe mtu akae nacho.

Sasa nikujibu kuhusu kaka yako, kwa sababu nimeona katika barua yako kwamba maneno yake yamekuumiza kuliko kijana wa marejesho.

Nimechukua kalamu nikaandika ulichonieleza. Kwenye ile ofisi ya kwanza umekopa mara tatu, kila mara ukapokea 270,000. Jumla umepokea 810,000. Umerejesha siku thelathini, ukarejesha thelathini tena, na sasa kumi na sita. Ni siku sabini na sita za 13,000, yaani 988,000. Umempa mtu 988,000 kwa fedha aliyokupa 810,000, na bado anasema anakudai 182,000. Ukimaliza yote, gharama ya mikopo hiyo mitatu itakuwa 360,000. Kodi ya nyumba iliyokutoa machozi ilikuwa 360,000. Umeilipa mara mbili: mara moja kwa mwenye nyumba, mara ya pili kwa aliyekukopesha hela ya mwenye nyumba.

Mtu aliyetoa 13,000 siku sabini na sita, mvua na jua, mtoto akiwa wodini, anaambiwa hana nidhamu. Mimi nasema nidhamu unayo kuliko wengi wanaolipwa kwa mwezi. Mtumishi hukatwa makato kabla mshahara haujamfikia. Hajawahi kuishika ile hela mkononi huku mtoto analia njaa, kisha akaitoa. Wewe hufanya hivyo kila siku saa kumi jioni.

Kilichowatenganisha wewe na kaka yako ni bei ya fedha. Benki zetu kwa ujumla hukopesha kwa riba inayozunguka asilimia 15 kwa mwaka. Kwa riba hiyo, 300,000 ikikaa kwa kaka yako mwezi mmoja inamgharimu 3,750. Wewe 300,000 hiyo hiyo, ambayo hata hukupewa yote, kwa mwezi huo huo ilikugharimu 120,000. Mara thelathini na mbili. Na hapo sijaweka kwamba wewe ulianza kuirudisha kesho yake asubuhi, kwa hiyo katikati ya mwezi ulikuwa umebaki na nusu tu ya fedha hiyo huku gharama ikiwa ile ile. Mmelelewa nyumba moja na kula sahani moja. Yeye ana hati ya mshahara, wewe una genge, na tofauti hiyo tu imewapa bei mbili za pesa zinazopishana kiasi hicho. Kwa bei yako wewe, hata yeye na digrii yake asingejenga msingi.

Unalijua hili vizuri kuliko mimi kwa sababu unauza mkaa wa kopo. Anayenunua gunia analipa kidogo kwa kila kilo kuliko anayenunua kopo, na anayenunua kopo hafanyi hivyo kwa kupenda. Hana hela ya gunia siku hiyo, na nyumba yake haina pa kuliweka. Maji ya dumu ni vivyo hivyo, mwenye bomba ndani hulipa sehemu ndogo ya kile anacholipa anayenunua dumu dumu. Kodi ndiyo mbaya kuliko zote. Kipato chako kinakuja kidogo kidogo kila siku, na dunia inakudai kwa mkupuo wa miezi sita. Hapo katikati ndipo mkopeshaji alipofungua ofisi.

Watetezi wao husema mkopo mdogo una gharama kubwa kuusimamia na kwamba wengine hukimbia. Kuna kweli ndani yake. Lakini Benki Kuu ililizingatia hilo ilipoweka kikomo kwa taasisi za mikopo zisizopokea amana, zile za daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kikomo hicho ni riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Wewe umetozwa 120,000. Hakuna gharama ya usimamizi inayoeleza pengo hilo. Linaelezwa na jambo moja, kwamba mama mwenye genge hana pengine pa kwenda.

Nikwambie na hili moja kisha turudi kwenye madeni yako. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari huo. Hata tukikumbuka kwamba bei zimepanda tangu wakati ule, marejesho yako ya siku nne tu ni 52,000. Yanazidi kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mzima mwezi mzima. Mtu anayetozwa hivyo akishindwa, tusianze kwa kumuuliza kuhusu nidhamu.

Madeni sasa. Kwa siku unatakiwa kutoa 13,000 ya ofisi ya kwanza, na ukigawa ile 50,000 ya wiki ni zaidi ya 7,000. Jumla ni zaidi ya 20,000 kwa siku, na faida yako siku nzuri ni 15,000. Hakuna kujibana kutakakoziba hapo, hata mkilala na njaa wote. Kwa hiyo lengo la wiki hii ni kupunguza kinachodaiwa kwa siku. Usihangaike kutafuta fedha nyingine ya kuendelea kuzungusha.

Anza na mume wako. Najua ndilo zito. Chagua wakati watoto wamelala, weka daftari mbele yake, mwonyeshe hesabu kama nilivyozipanga hapa, ukianzia kwenye kodi. Kodi ilikuwa ya nyumba yenu wote, hukwenda kununua vitenge. Atakasirika kwa kufichwa, na hapo ana haki, mwache aseme. Lakini ujumbe umeshafika kwa mama yake, kwa hiyo atasikia tu, na ni heri asikie kwako. Kama unahofia anaweza kukupiga, zungumza naye mbele ya mtu mzima anayemheshimu, msimamizi wenu wa ndoa au mjomba wake.

La pili ni kikundi. Hili deni ndilo nataka ulilinde kuliko yote, ingawa si la kutisha zaidi. Nyuma yake hakuna ofisi tu, kuna wanawake wanne ambao vyombo vyao vitabebwa wewe ukishindwa. Wenzako hao wanauza maandazi na mitumba, hawana cha ziada. Nenda kwa mwenyekiti wenu kabla ya siku ya marejesho, usisubiri siku ile uzime simu. Sema wazi una madeni mangapi. Omba, ikibidi, wiki sita ziwe tisa kwa kiasi kidogo. Ofisi nyingi za vikundi hukubali mkienda wote watano, na hukataa ukienda peke yako.

La tatu ni ile ofisi ya 13,000. Usiende peke yako. Nenda na mumeo au mtu wa serikali ya mtaa, tena asubuhi. Waulize mambo matatu: leseni yao ya Benki Kuu iko wapi, nakala ya mkataba wako iko wapi, na rekodi ya marejesho yako yote tangu siku ya kwanza inasemaje. Kisha waonyeshe hesabu hii. Katika mkopo huu wa tatu ulipokea 270,000 na umesharudisha 208,000. Fedha yao iliyobaki mkononi mwako ni 62,000. Ukiongeza riba ya mwezi kwa kikomo cha Benki Kuu, 10,500, inakuwa 72,500. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, si 182,000. Watapandisha, wewe utashusha. Ukitoka hapo na makubaliano ya maandishi ya kulipa 100,000 kwa 5,000 kwa siku, umejiokoa. Kila unapolipa chukua risiti au tuma kwa simu ili ujumbe ubaki. Usimpe kijana fedha mkononi bila maandishi.

Wakitishia kuja kubeba vitu, wajibu kwa utulivu kwamba deni ni jambo la madai na mahali pake ni mahakamani, Mahakama ya Mwanzo ipo. Mkataba wako unaweza kuwa umetaja vile vyombo, na ndiyo maana nataka uwe na nakala. Lakini kuingia chumbani kwa mtu kwa nguvu na kubeba kitanda ni jambo la kumwita mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi polisi, hapo hapo. Mpe mwenyekiti taarifa mapema ili siku hiyo asishangae. Wasipokuwa na leseni, Benki Kuu inapokea malalamiko. Na kama unaona mazungumzo yote haya ni makubwa kwako, pale Dar es Salaam kuna Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA. Wanasikiliza wanawake wasio na fedha ya wakili, na kesi kama yako si ngeni kwao.

Deni la simu liweke mwisho. Najua ndilo linalokuaibisha kwa sababu wamemwandikia mwalimu, lakini aibu hiyo ndiyo biashara yao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila idhini na kuzipiga marufuku. Angalia kama yako ni mojawapo, au kama ina leseni yoyote. Kuchota namba za watu kwenye simu yako na kuwatangazia deni lako kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume ya kulalamikia. Hifadhi ujumbe wote, usiufute kwa hasira. Kwa mwalimu na mama mkwe, tuma maneno machache: "Nina deni nalishughulikia, samahani kwa usumbufu, naomba usiwajibu." Imetosha. 60,000 zao utazirudisha ukipata nafasi, hizo nyingine za kuchelewa wazidai mbele ya sheria.

Mwenye nyumba pia usimsahau, maana miezi sita inaisha na ukikaa kimya utarudi kule kule. Nenda mapema, miezi miwili kabla, uombe kulipa miezi miwili miwili au mmoja mmoja. Wengine hukubali kwa mpangaji wa siku nyingi asiye na vurugu. Akikataa, anza leo kuweka 2,000 kila siku kwa mtu mwingine asiyekuwa wewe. Mchezo wa kutunzana unafaa, au VICOBA yenye daftari na sanduku la kufuli tatu ambapo unanunua hisa na kukopa kwa riba ambayo mwisho wa mwaka inarudi kwenu wenyewe. Chagua kikundi kilichosajiliwa na chenye wanawake unaowajua kwa majina ya watoto wao.

Kuna pia mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kuzidi, ikarudishwa mwaka 2024. Nakueleza kwa tahadhari. Haitakufikia wiki hii wala mwezi huu, na haifai kulipia madeni. Ni ya kikundi chenye biashara, mafunzo na akaunti. Lakini wewe na wale wanne mmeshajifunza kudhaminiana kwa bei ghali kweli kweli. Mkimaliza hizo wiki sita, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mkiwa pamoja, mwulize masharti ya sasa na msajiliwe. Na msilipe mtu yeyote hela ya kuwapitishia fomu. Inaniuma kwamba fedha isiyo na riba ipo kwenye bajeti ya manispaa yenu ya Temeke na ofisi ya kausha damu ndiyo iliyo karibu na genge lako. Diwani wenu aulizwe hilo kwenye mkutano wa mtaa, kwa sauti, na wanawake wa soko waliojaa.

Nirudi kwa kaka yako, kwa sababu nadhani bado anaweza kuwa sehemu ya kutoka hapa. Usimpigie. Kwenye simu atahubiri tena na wewe utalia tena. Mwandikie, au mpe mumeo aandike nawe, na mwombe mkopo, usiombe msaada. Mwambie hivi: "Kaka, naomba unikopeshe 270,000. 182,000 ni ya ofisi na 84,000 ni ya simu, nizifunge hata wasiponipunguzia. Tuma kwa awamu ukiona mimi nimekuletea risiti. Kwa wiki sita nitakuwa namalizia deni la kikundi. Kuanzia wiki ya saba nitakutumia 5,000 kila siku kwa siku hamsini na nne, hadi iishe." Kwa mpango huo, kinachokutoka kwa siku kinashuka kutoka 20,000 hadi 7,000 na kidogo, na kwenye faida ya 12,000 au 15,000 mnabaki na cha kula na cha kujaza genge. Ofisi ikikubali kupunguza, kiasi kilichobaki mrudishie siku hiyo hiyo.

Na wewe kaka mtu, kama barua hii imekufikia kule Dodoma: dada yako hakukosea kukopa. Alikopa ili watoto wa dada yako wasitolewe vyombo nje. Wewe unaweza kuipata hiyo 270,000 kwa bei ambayo yeye hatauziwa na mtu yeyote Mbagala nzima, na ukimkopesha bila riba hutapoteza hata nauli ya basi kuja Dar. Ameshathibitisha kwa siku sabini na sita kwamba hurejesha. Ujumbe wa sauti usitume mwingine. Tuma awamu ya kwanza, 182,000, na umpigie binti umuulize anaendeleaje na masomo.